Namna ya Kuikosoa Marekani Kuhusu Uhuru wa Raia na Ukasikilizwa

Mwezi Mei 1963, viongozi wa nchi huru za Afrika walipokutana Addis Ababa kuunda umoja wao, Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda, alimwandikia Rais John F. Kennedy barua ya wazi kulalamikia yaliyokuwa yakitendeka Birmingham, jimboni Alabama, ambako polisi walikuwa wamewaachia mbwa waandamanaji weusi na kuwamiminia maji ya mipira ya zimamoto, watoto wa shule wakiwamo. Mkutano huo ulipitisha pia azimio lililoeleza wasiwasi mkubwa kuhusu ubaguzi wa rangi, hasa nchini Marekani, na papo hapo likatambua juhudi za serikali ya shirikisho za kuukomesha. Tarehe 11 Juni mwaka huo Kennedy alilihutubia taifa lake kwa televisheni, na katika hotuba hiyo akauliza iwapo Wamarekani watauambia ulimwengu, na lililo muhimu zaidi, iwapo wataambiana wenyewe kwa wenyewe, kwamba nchi yao ni nchi ya watu huru isipokuwa kwa watu weusi.

Sidai kwamba barua ya Obote ndiyo iliyozaa hotuba ile, kwa maana waliomsukuma Kennedy kwanza kabisa ni wale watoto na wazee wao waliokubali kuumwa na mbwa na kufungwa jela. Ninachokiona katika maneno yale ni mahali ambapo sauti ya mgeni huingilia. Mmarekani wa kawaida habadili msimamo kwa sababu mtu wa nje amemkemea. Hubadilika, kama atabadilika, pale neno la mtu wa nje linapoingia katika mabishano ambayo Wamarekani wanayo tayari wao kwa wao na kumpa mmoja wao hoja ambayo hakuwa nayo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwongozo huu ni wa mgeni anayetaka kwa dhati mwenyeji apone, si wa yule anayetaka tu kumwona akiaibika.

Anza na maneno yao

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili huwa tunaliweka kila jambo la namna hii chini ya jina moja la haki za binadamu. Wamarekani wengi hutumia jina hilo kwa mambo ya nchi nyingine. Wakizungumzia ya kwao husema haki za kiraia, wakimaanisha usawa wa watu mbele ya sheria na katika maisha ya umma, au uhuru wa raia, wakimaanisha yale ambayo serikali imekatazwa kumtendea mtu: kumziba mdomo, kumpekua bila sababu ya msingi, kumfunga bila kumshtaki, kumlazimisha kusali au kumzuia asisali. Mengi ya makatazo hayo yamo katika marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, na Mmarekani aliyesoma shule huyajua mawili matatu kwa nambari zake kama mtu anavyojua nambari ya nyumba yake.

Nililielewa hili siku nilipokaa meza moja na mwalimu mstaafu wa historia kutoka Ohio. Nilikuwa nimemweleza kwa muda mrefu jinsi kambi ya Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani huko Kuba, inavyovunja mikataba ya kimataifa, naye alikuwa amekunja mikono akinitazama kwa upole wa mtu anayesubiri mgeni amalize. Mwishowe nikamuuliza, bila kukusudia kubadili mbinu, iwapo angeweza kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini mtu azuiliwe miaka kumi bila kesi ilhali Marekebisho ya Sita yanamwahidi mshtakiwa kesi ya haraka. Alinyanyuka, akaleta kijitabu cha Katiba chenye ukubwa wa kiganja, kurasa zake zimelegea, akaanza kubishana na kijitabu chenyewe: je, maneno ya pale yanamhusu mtu asiye raia, tena aliyekamatwa nje ya nchi? Tulikaa hadi usiku. Hakukubaliana nami katika kila jambo, lakini mikono yake haikurudi tena kifuani.

Kwa hiyo, kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tafuta ni kifungu kipi cha Katiba yao kinachohusika, ukisome chote, kisha uandike lalamiko lako ukikitegemea. Mikataba ya kimataifa itaje baadaye, na kwa kiasi. Marekani iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1992, lakini iliambatanisha tamko kwamba vifungu vyake havitatumika moja kwa moja mahakamani bila sheria ya Bunge, na wakili yeyote wa huko atakukumbusha hilo mara moja.

Mjue aliyetenda

Kosa linalowaangusha wakosoaji wengi wa nje ni kusema "Marekani imefanya" pale ambapo aliyefanya ni mkuu wa polisi wa wilaya moja, au bunge la jimbo, au kampuni binafsi. Marekebisho ya Kwanza, yanayolinda uhuru wa kusema, huizuia serikali. Hayaizuii kampuni ya mtandao kufuta maandishi yako, wala mwajiri binafsi kukuachisha kazi kwa maneno uliyosema. Ukilalamika kwamba kampuni imevunja uhuru wako wa kusema unaolindwa na Katiba, msomaji wa Kimarekani ataacha kukusoma hapo hapo, na atakuwa na haki. Vilevile, marekebisho yale kumi mwanzoni yaliibana serikali ya shirikisho peke yake. Ni baada ya Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 ndipo mahakama zilipoanza, polepole mno, kuyatumia dhidi ya majimbo pia, na kazi hiyo iliendelea hadi karne hii.

Mfano mmoja nitauweka wazi kabisa, kwa sababu unaonyesha jinsi sentensi dhaifu inavyoweza kufanywa imara. Tuseme umeandika: "Marekani ni nchi ya kipolisi inayowanyang'anya watu mali zao." Hakuna Mmarekani atakayejifunza kitu hapo, anayekubali atakubali, anayekataa atakasirika. Sasa tazama kesi ya Timbs dhidi ya Indiana. Mtu mmoja alikiri kosa la kuuza dawa za kulevya. Faini ya juu kabisa ambayo sheria iliruhusu kwa kosa lake ilikuwa dola 10,000, lakini jimbo lilitaka pia kulichukua gari lake alilolinunua kwa takriban dola 42,000, fedha za bima ya maisha ya marehemu baba yake. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote wakiafikiana, iliamua kwamba katazo la faini za kupindukia lililomo katika Marekebisho ya Nane linayabana majimbo pia.

Kwa hiyo andika hivi: "Mwaka 2019 majaji wenu wote, wale wa kihafidhina na wale wa kiliberali, walikubaliana kwamba jimbo haliwezi kutoza faini ya kupindukia kwa kuchukua mali ya mtu, je, polisi wa jimbo lako huchukua magari na fedha za watu kwa utaratibu gani, na ni nani anayebaki na fedha hizo?" Sentensi hii imemtaja mtendaji, imetaja sheria, imetaja mwaka, na imeishia kwa swali ambalo Mmarekani atalazimika kwenda kulitafutia jibu nyumbani kwake. Hata msomaji anayeichukia serikali kuu na kuogopa kodi, ambaye asingekusikiliza kamwe kuhusu haki za binadamu, atageuka kusikiliza habari ya serikali kuchukua gari la mtu.

Onyesha penye ufa kati ya ahadi na tendo

Vita Baridi vinatupa ushahidi mzuri wa namna hoja ya nje ilivyopita ndani. Mwezi Desemba 1952, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipowasilisha maoni yake katika kesi za ubaguzi mashuleni zilizokuja kuitwa Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliiambia Mahakama ya Juu kwamba ubaguzi wa rangi unawapa Wakomunisti malighafi ya propaganda, na ikaambatanisha maneno ya Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Acheson, kuhusu madhara yake kwa nchi ugenini. Mwaka 1957 Rais Eisenhower, akieleza kwa nini alikuwa amepeleka askari Little Rock, Arkansas, kuwalinda wanafunzi weusi tisa, aliwakumbusha wananchi wake kwamba maadui wa nchi walikuwa wakilifurahia tukio lile. Wamarekani hawakutishwa na lawama yenyewe. Waliumizwa na kuonekana kwamba hawaishi kama wanavyohubiri.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kilitokea barabarani. Mwaka 1961, Adam Malick Sow, balozi wa Chad, akielekea Washington kwa gari kupitia Barabara Kuu ya 40 huko Maryland, alikataliwa kuhudumiwa katika mgahawa kwa sababu ya rangi yake. Wanadiplomasia wengine wa Afrika walikuwa wakipatwa na hayo hayo katika njia ile ile ya kati ya New York na Washington, na Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kuwaomba wenye migahawa na wabunge wa Maryland wabadilike. Ndipo waandishi watatu wa gazeti la Afro-American la Baltimore, wote Wamarekani weusi, walipovaa mavazi ya fahari na kujifanya wajumbe wa nchi ya kubuni waliyoiita Goban, wakaingia katika migahawa hiyo, na baadhi ya migahawa ikawapokea na kuwahudumia. Habari ilipochapishwa, swali halikuwa tena namna ya kumtuliza balozi. Likawa ni vipi mtu wa Goban, nchi ambayo haipo, apewe chakula ambacho mzaliwa wa Baltimore ananyimwa. Vijana wa vyama vya haki za kiraia wakapeleka maandamano yao katika barabara hiyo, na mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria dhidi ya ubaguzi katika sehemu za kuhudumia umma.

Mkosoaji wa nje ajifunze kwa wale waandishi watatu. Malalamiko ya balozi peke yake yangeweza kumalizwa kwa kuombwa radhi na kutengewa kiti. Yaligeuka kuwa jambo la nchi pale wenyeji walipoyachukua na kuyageuzia upande wao. Unapoandika, jiulize: ni Mmarekani gani atakayeweza kuichukua hoja hii kesho asubuhi na kuipeleka kwa diwani wake, kwa jaji wake au kwa mhariri wake? Ukikosa wa kumfikiria, hoja bado haijaiva.

Penye matamshi ya chuki, tembea pole pole

Hapa ndipo wageni wenye nia njema hukwama zaidi. Nchi nyingi za kidemokrasia huadhibu matamshi ya chuki, na raia wake hushangaa kuona Wamarekani wakiyaachia. Tangu kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio ya mwaka 1969, serikali ya Marekani hairuhusiwi kuadhibu uchochezi isipokuwa umelenga kuzua uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na kuna uwezekano wa kweli wa kuuzua. Mwaka 1977, kikundi kidogo cha Manazi kilipotaka kuandamana Skokie, Illinois, mji waliokaa manusura wengi wa mauaji ya halaiki ya Wayahudi, chama cha ACLU, kinachotetea uhuru wa raia, kilikitetea kikundi hicho mahakamani, kwa gharama ya kupoteza wanachama wake wengi. Ukimwambia Mmarekani kwamba kisa hiki ni doa juu ya uhuru wa raia, atakuambia kwamba ndicho kielelezo chake bora. Mwezi Februari 2025, Makamu wa Rais JD Vance alisimama Munich akawalaumu Wazungu wa Ulaya kwa kubana matamshi; katika jambo hili Wamarekani hujiona walimu.

Mimi binafsi naamini kuna madhara ambayo sheria ile haiyaoni. Hata hivyo, ninashauri usianzie hapo. Ukitaka kufika huko, onyesha kwanza kwamba unaelewa hofu yao: kwamba serikali ikipewa mamlaka ya kuamua neno lipi ni chuki, itayatumia dhidi ya wanyonge na wapinzani. Historia yao inaithibitisha hofu hiyo, kwani Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Kimarekani, alinyimwa pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake, na lawama zake dhidi ya ubaguzi wa nchi yake akiwa ugenini ni miongoni mwa mambo yaliyoiudhi serikali.

Jiandae kwa majibu

Jibu la kwanza utakalolipata ni "kwenu je?" Nyani haoni kundule, na kila nchi ina lake, kwa hiyo usijitetee. Kubali kosa la kwenu kwa sentensi moja ya kweli, kisha rudi kwenye swali, kwa sababu kosa la kwenu halimfungulii mtu aliyefungwa kwao. Anayejitetea huburutwa katika mashindano ya kuhesabu dhambi, kama yale ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayochapisha ripoti kuhusu haki za binadamu katika nchi nyingine, na China inayojibu kwa ripoti yake kuhusu Marekani.

Jibu la pili ni "angalau hapa unaweza kulisema." Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa na lastahili heshima. Likubali, kisha uliza kama uhuru wa kulisema umekwisha kumfaa yule unayemzungumzia. Jibu la tatu ni hasira. Mwaka 2018, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa Philip Alston alipotoa ripoti kuhusu umaskini mkubwa Marekani, Nikki Haley, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alisema ni kichekesho kwa Umoja wa Mataifa kuchunguza umaskini wa nchi hiyo. Usiijibu hasira. Inaonyesha tu kwamba umezungumza na serikali, na serikali karibu zote hujibu hivyo; zungumza na watu.

Jibu linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni la yule anayekubali haraka kupita kiasi. Huyu hufurahia ukosoaji wako kwa sababu unamchoma mpinzani wake wa kisiasa, na ukimwachia, neno lako litakuwa fimbo ya chama kimoja na upande wa pili hautalisikia tena. Muulize kuhusu tendo hilo hilo wakati chama chake kilipotawala. Guantánamo ilipokea wafungwa wa kwanza Januari 2002 chini ya George W. Bush, Barack Obama aliamuru Januari 2009 ifungwe ndani ya mwaka mmoja, haikufungwa, Donald Trump aliamuru mwaka 2018 iendelee, na Joe Biden alipoondoka Januari 2025 bado palikuwa na watu 15. Ukiweza kuyasema yote hayo kwa pumzi moja bila kuegemea upande, utakuwa umepata sikio ambalo Wamarekani wengi hawapeani wenyewe.

Pa kupeleka hoja

Mlango wa mahakama uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mtu au taasisi ya nje, kupitia wakili wa huko, inaweza kuwasilisha hoja kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayeipa mahakama maoni yake. Katika kesi ya Rasul dhidi ya Bush, iliyoamuliwa Juni 2004 kwamba wafungwa wa Guantánamo wanaweza kuomba mahakama ichunguze uhalali wa kuzuiliwa kwao, wabunge 175 wa Uingereza waliwasilisha hoja ya namna hiyo. Fred Korematsu naye aliwasilisha yake: Mmarekani aliyepinga kuhamishwa kwa nguvu kwa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani baada ya agizo la Rais Roosevelt la mwaka 1942, akashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1944, na akaishi kuona Bunge likiomba radhi na kulipa dola 20,000 kwa kila manusura kwa sheria ya mwaka 1988. Ukitaka kunukuu sauti moja kwa Wamarekani, tafuta sauti kama yake kabla ya sauti ya balozi yeyote.

Fahamu lakini kwamba majaji wenyewe hugawanyika kuhusu maoni ya nje. Katika Roper dhidi ya Simmons, mwaka 2005, ambapo kwa kura 5 kwa 4 adhabu ya kifo ilifutwa kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18, Jaji Anthony Kennedy alisema maoni ya ulimwengu hayaamui kesi bali yanathibitisha uamuzi. Jaji Scalia aliyapinga kwa ukali kabisa. Iweke sheria ya nje mwishoni mwa hoja, kama uthibitisho.

Pia kuna ombi la nyaraka. Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 1966 humruhusu mtu yeyote, hata asiye raia, kuomba nyaraka za idara za serikali ya shirikisho, na idara inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa mara nyingi huchelewa sana. Ukurasa mmoja wa serikali yao wenyewe una uzito kuliko makala kumi za kigeni.

Ikiwa haki inayovunjwa ni yako wewe mtu wa nje, tumia njia nyingine, kwa maana mwaka 1990, katika kesi ya Verdugo-Urquidez, Mahakama ya Juu ilikataa kutumia Marekebisho ya Nne kwa upekuzi wa mali ya mgeni iliyo nje ya nchi. Baada ya Edward Snowden, aliyekuwa akifanyia kazi idara ya ujasusi ya Marekani, kufichua mwaka 2013 ukubwa wa upelelezi wa serikali hiyo katika mawasiliano ya watu, mjadala wa Marekani ulihusu zaidi simu za Wamarekani. Watu wa Ulaya walisikilizwa kwa uzito pale mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilipobatilisha, mwaka 2015 na tena 2020, mipango ya kupeleka data Marekani. Mwezi Oktoba 2022 Rais Biden akatoa agizo lililowapa njia ya kulalamika.

Neno la tahadhari kwa anayeishi huko au anayeomba viza. Kesi ya Bridges dhidi ya Wixon ya mwaka 1945 ilitambua kwamba mgeni anayeishi Marekani ana uhuru wa kusema, lakini aliye nje akiomba kuingia hana kinga kama hiyo, kama ilivyoonekana mwaka 1972 katika kesi ya mwanazuoni wa Ubelgiji Ernest Mandel. Tangu 2019 fomu za viza huuliza majina ya akaunti za mitandao ya kijamii, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo hutakiwa kuziacha wazi. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika, wala usimwone mwoga yule anayeomba jina lake lisitajwe.

Hoja yako ikishapokelewa na Wamarekani wakaanza kubishana juu yake, kazi yako hupungua. Sahihisha kosa lolote la tarehe au nambari ulilolifanya, hadharani na siku hiyo hiyo. Wape nyaraka ulizo nazo. Jibu maswali ya ukweli unapoulizwa. Mengine waachie wao.